Ndala Mlangoni kwa Fundi

Katika nyumba ile ya vyumba sita na baraza moja, mtoto alijulikana leo ni wa nani kwa kutazama ndala zake. Hakuna aliyetunga utaratibu huo, ulianza wenyewe tu. Mama mwenye kazi ya alfajiri alimwacha mwanawe usingizini, akabeba ndala zake ndogo na kuziweka mlangoni kwa jirani aliyekubali zamu, ncha zikielekea ndani. Jirani akifungua mlango na kuziona, anajua kwamba leo huyu ni wangu. Atamsikiliza akiamka, atamnawisha uso, atampa chai na kumkemea akicheza na maji. Jioni mama akirudi huchukua ndala, na mtoto hufuata nyuma. Watoto wengi wamekulia barazani pale kwa namna hiyo, wengine sasa wana ndevu, na hakuna aliyepotea hata mmoja mpaka siku mwenye nyumba alipopatwa na mapenzi ya usafi.

Siku hiyo alikuwa na mgeni wa kuja kuangalia vyumba viwili vya mbele, mtu wa ofisi, na hakutaka mtu wa ofisi akaribishwe na viatu vya makabwela. Akaja kabla jua halijapanda, na gunia mkononi, akazoa kila kilichokuwa barazani: raba, makubazi, viatu vilivyoanikwa, na ndala mbili nyekundu za plastiki zilizokuwa zimekaa sawasawa mlangoni kwa Fundi. Akalitupa gunia nyuma ya tangi la maji, akamwaga maji barazani, akaridhika na kazi yake.

Ndala zile zilikuwa za Chiriku. Jina lake la kuzaliwa lilikuwepo, lakini nani alilikumbuka? Mtoto alianza kusema kabla ya kutembea, na katika miaka minne ya maisha yake hakuwahi kuupumzisha ulimi. Mama yake alikuwa yaya. Kila alfajiri alikwenda kulea mtoto wa watu kwenye nyumba zenye mageti, na siku hiyo alikuwa ameshapanda gari wakati mwenye nyumba anapiga ufagio.

Fundi cherehani, mama wa watoto watatu, alikuwa amekubali zamu jana yake jioni. Alifungua mlango, akatazama chini, hakuona kitu. Akajisemea kwamba Mama Chiriku leo amepumzishwa kazini, na akarudi kwenye sare za shule zilizokuwa zimemlemea. Alisikia hata mlango wa jirani ukilia na miguu midogo ikipita barazani, na hakuinua kichwa. Kwa Fundi, Chiriku bila ndala mlangoni maana yake mama yake yupo. Muuza mboga wa chumba cha mwisho naye alitoka zake sokoni, kwa kuwa mlangoni kwake pia hapakuwa na kitu.

Basi mtoto alitoka peku kumtafuta mama yake. Mlinzi wa duka la vipuri alimkuta amekaa kando ya mtaro jua likiwa kali. Chiriku alimweleza kila jambo: kwamba mama analea mtoto anaitwa Bebi, kwamba Bebi anaogopa kuku, kwamba Bebi ana kitanda chenye ukuta. Alichoshindwa kumweleza ni wapi anakoishi. Mlinzi akampeleka kituo cha polisi. Alifanya vyema, na ningependa wengine wote wa hadithi hii wangefanya kama yeye.


Mama Chiriku alirudi magharibi, akiwa amecheleweshwa kazini, akawakuta barazani askari wawili waliofika kwa kuulizia nyumba hadi nyumba, na majirani wote nje. Majirani walikuwa wamempigia simu mchana kutwa. Simu yake hukaa kwenye droo ya jikoni mpaka anapotoka, ndiyo sharti la kazi.

"Wewe ndiye mama wa mtoto?"

"Ni mimi. Yuko wapi? Yu mzima?"

"Mzima. Si kwa juhudi zako."

Kituoni waliandika maelezo yake kwenye meza yenye mguu mmoja mfupi. Aliyeandika alikuwa askari wa kike, mwenye sauti ya mtu aliyechoka.

"Ulimwacha na nani?"

"Na Fundi, jirani yangu."

"Ulimkabidhi mkononi?"

"Niliweka ndala."

Kalamu ikasimama. "Uliweka nini?"

"Ndala, afande. Za mtoto. Mlangoni kwa Fundi."

Askari wa meza ya pili alicheka mpaka akafuta macho. "Hii kali. Watu wanakabidhiana hata baiskeli kwa mashahidi, huyu kamkabidhi mtoto kwa ndala. Haya, ziko wapi hizo ndala?"

"Sijui."

Wakamwita Fundi, aliyekuwa amemfuata mwenzake mpaka kituoni. Yule wa meza ya pili, ambaye sasa kicheko kilikuwa kimemwisha, alimwambia, "Jibu kwa uangalifu, mama. Aliyekuwa na mtoto ndiye aliyemtelekeza. Alikuwa kwako?"

Fundi alitazama sakafu. "Mimi ndala sikuziona," alisema.

Ilikuwa kweli, ila nusu. Nusu ya pili aliimeza, na Mama Chiriku alimwona akiimeza.

"Baba wa mtoto yuko wapi?" askari wa kike akauliza.

"Aliondoka mimba ikiwa ya miezi saba. Alisema anakwenda kununua vocha ya simu, anarudi sasa hivi."

"Halafu?"

"Halafu ndiyo hivyo, afande. Bado yuko kwenye vocha."

Askari akafunga jalada bila kuandika. "Hilo si la leo," alisema.

Na kweli halikuwa la leo. Mama aliyetoka kutafuta chakula cha mtoto alilala mahabusu kwa kosa la kumtelekeza mtoto. Aliyemkimbia mtoto kabla hajazaliwa alilala kwake, popote kwake kulipokuwa, na sheria haikumgongea mlango. Kesho yake muuza mboga alikwenda kumdhamini Mama Chiriku kwa kitambulisho chake, na mikono yake ikinuka vitunguu. Chiriku alikuwa ameshapelekwa kwenye makao ya watoto, akae huko mpaka mahakama iamue kama mama yake anastahili kuitwa mama.


Mama Chiriku alipotoka tu mahabusu alikwenda kazini. Geti lilifunguliwa na msichana mgeni aliyevaa aproni ya Mama Chiriku, ile yenye kiraka alichokishona mwenyewe. Mama Bebi alikuja mpaka getini, akasimama katikati ya njia.

"Nimesikia. Pole sana."

"Asante, mama. Sikuja kuomba pesa. Naomba uniandikie tu kwamba siku ile nilikuwa hapa kazini, na kwamba mlinichelewesha."

"Nikiandika si nitaitwa kutoa ushahidi? Unajua kazi yangu ilivyo." Alishusha sauti, akaigeuza iwe ya huruma. "Na nafasi yako nimeshaijaza. Usinielewe vibaya. Wewe mwenyewe ni mzazi. Ungekuwa mimi, ungemwacha mwanao na mtu aliyetelekeza wa kwake?"

Katika nyumba ile Mama Chiriku alizoea kujibu ndiyo mama, sawa mama, nimekuelewa mama. Siku hiyo jibu lilikuja jingine.

"Siku hiyo unayosema nilimtelekeza wangu, mikononi nilikuwa nimebeba wa nani?"

Mama Bebi alirudi nyuma, akashika geti. Ndani, Bebi alikuwa ameisikia sauti anayoijua, akaanza kulia kwa kurusha miguu, na msichana mgeni hakujua ambembeleze vipi. Bebi anapenda kupigwapigwa mgongoni taratibu huku akiimbiwa. Mama Chiriku alitaka kumwambia hivyo yule msichana, lakini geti lilikuwa limeshafungwa.

Nyumbani, muuza mboga alikuwa amelipata gunia nyuma ya tangi. Alimwaga viatu vyote barazani, na ndala nyekundu zikaanguka juu. Mwenye nyumba aliitwa, akaja akichokonoa meno.

"Nilikuwa nasafisha nyumba yangu," alisema. "Kuna sheria gani imevunjwa hapo?"

"Ulizitoa mlangoni kwa Fundi," muuza mboga alisema. "Na unajua maana yake. Wanao mwenyewe walilelewa hivyo hivyo hapa barazani kabla hujajenga kwako."

"Mimi najua kodi tu. Tena nisikie jina la nyumba yangu huko mahakamani. Atakayelitaja aanze kufunga mizigo." Alipokuwa akisema hayo hakumtazama muuza mboga wala Mama Chiriku. Alimtazama Fundi.


Makao ya watoto yalikuwa na bustani nzuri na benchi la wageni. Mlezi alipekua mfuko wa Mama Chiriku, akatoa gauni, akatoa ndala.

"Hivi rudi navyo. Hapa wanavaa sare."

"Ndala tu, dada. Ni zake."

"Kama zingekuwa zake angekuja nazo. Tulimpokea peku."

Chiriku aliletwa amevaa gauni kubwa linalomshuka begani. Alikaa pembeni mwa mama yake, hakumrukia. Hakusema kitu, na ukimya ule ndio uliomuumiza mama yake kuliko mahabusu. Alimshika mkono, akamchezea vidole, akamuuliza kama amekula, kama analala vizuri, kama ana rafiki. Mtoto alitikisa kichwa, ndiyo au hapana, mpaka mlezi alipotazama saa.

Hapo ndipo aliposogea sikioni kwa mama yake.

"Niliamka nikazitafuta ndala zangu," alisema kwa kunong'ona. "Milango yote. Kwa Fundi hazipo, kwa mama wa mboga hazipo, kwa nani, hazipo. Mama, siku ile sikuwa wa mtu."


Cherehani ya Fundi ilikuwa ikinguruma Mama Chiriku alipoingia na kukaa juu ya rundo la vitambaa bila kukaribishwa. Tangu siku ya kituoni walikuwa wakisalimiana tu kama wapita njia.

"Nimetoka kumwona," alisema.

"Anaendeleaje?"

"Anasema alizitafuta ndala milango yote. Anasema siku ile hakuwa wa mtu."

Mguu wa Fundi ukasimama kwenye pedali. "Na kwangu alifika?"

"Milango yote, Fundi. Kwani wako si mlango?"

Fundi alikata uzi kwa meno ingawa hapakuwa na haja ya kuukata. "Nilisikia miguu yake," akasema hatimaye. "Na tulikubaliana jioni, sikusahau. Ningeinua kichwa tu. Kuinua kichwa tu, Mama Chiriku."

"Kayaseme hayo mahakamani."

"Nikayaseme, halafu? Ulimsikia yule askari. Nina watoto watatu na mume aliyelala udongoni. Wakinifunga mimi, ndala za wanangu nitaziweka mlangoni kwa nani?"

Mama Chiriku alikuwa amekuja na matusi mengi, mengine ameyapanga njiani. Swali lile liliyapangua yote. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, husema watu, na husema wakiwa wamekaa. Wanawake wale wawili walikuwa wakilea wakiwa wamesimama, kila mmoja akimwegemea mwenzake, na sasa mkono mrefu wa serikali ulikuwa umefika kuuliza ni yupi kati yao aliyeteleza.

Akasimama, akatoka. Nyuma yake cherehani haikuanza tena kunguruma.


Siku ya kesi baba alionekana. Ofisi ya ustawi wa jamii ilimpata bila shida yoyote, kwa kuuliza kwenye kampuni ya malori iliyo upande wa pili wa mji. Miaka yote minne alikuwa umbali wa nauli moja. Alikuja na shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, akashuhudia upande wa mashtaka.

"Mimi niko tayari kumchukua damu yangu," alisema, na mkono akauweka kifuani. "Mheshimiwa, mtoto ameokotwa mtaroni, hata viatu hana. Baba gani angevumilia?"

Mwendesha mashtaka alitikisa kichwa kwa masikitiko, hata mtu angedhani baba huyo ametolewa kwenye kitabu cha dini. Mama Chiriku, kizimbani, alishika ubao wa mbele kwa mikono miwili. Alielewa sasa. Kumbe kufungwa lilikuwa jambo dogo. Walitaka kumpa mtoto mtu huyu, na mtu huyu kesho angemsukumia kwa mke mwingine au mama mkwe mwingine, na Chiriku angezunguka milango yote maisha yake yote.

Hakimu, mwanamke mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimgeukia mtoto aliyekuwa amekaa na mlezi wa makao. "Mwanangu, unamfahamu huyu?"

Chiriku alimtazama yule mtu kuanzia viatu kwenda juu. Alikuwa amefundishwa adabu. "Shikamoo, mjomba," akamwambia.

Watu wakacheka, wakanyamaza haraka. Baba akasahau kuitikia.

"Mshtakiwa, una swali kwa shahidi?"

"Ninalo moja, mheshimiwa." Alimgeukia. "Vocha uliipata?"

"Vocha gani?" hakimu akauliza.

"Aniambie yeye. Alisema anakwenda dukani kununua vocha. Nilikuwa na mimba ya huyo aliyemwamkia sasa hivi. Nimengoja, nimejifungua, mtoto ameota meno, amesema, ametembea. Mimi nimechelewa siku moja, mheshimiwa, nimeitwa mtelekezaji. Nauliza tu yeye anaitwaje."

Mwendesha mashtaka alisimama. "Mheshimiwa, hilo si la leo."

"Ni la lini?" hakimu akauliza, na mwendesha mashtaka hakuwa na tarehe ya kumpa.

Lakini hakimu naye alikuwa na sheria mezani kwake, na sheria iliuliza jambo moja: asubuhi ile, mtoto aliachwa na mtu mzima aliyekubali kumtunza, au aliachwa peke yake? Mshtakiwa anasema aliachwa na jirani. Jirani huyo, kwa maelezo ya polisi, hakuziona ndala. "Nina karatasi hii tu," alisema. "Bila mtu wa kunieleza zaidi ya hapa, mikono yangu imefungwa."

Benchi la nyuma likalia. Fundi alikuwa amesimama, utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni, maana alitoka kazini bila kujitazama.

"Mheshimiwa, huyo jirani ni mimi. Zamu ilikuwa yangu. Tulikubaliana jioni, nikamwambia kesho niletee. Yeye aliniletea. Ndala aliziweka, zikaondolewa na mwenye nyumba kabla sijafungua mlango, na gunia lenyewe tumelipata nyuma ya tangi. Nilisikia miguu ya mtoto nikadhani mama yake yupo." Akamwonyesha Mama Chiriku kwa mkono. "Kama kuna aliyemwacha, ni mimi niliyekuwa nimeinamisha kichwa. Huyu alikuwa amemwacha kwangu."

"Unajua unachokisema kinaweza kukuletea nini?"

"Najua. Nimekaa nacho siku zote hizi, nimechoka nacho."

Muuza mboga naye akasimama, bila kuitwa. "Hata mimi nimelea wa kwake, na yeye wangu. Mwulizeni mwenye nyumba, huyo hapo nyuma. Wanawe walilelewa kwa ndala."

Mwenye nyumba, aliyekuja kulinda jina la nyumba yake, alikuta mahakama nzima imegeuka kumtazama. Hakimu alimwuliza kama ni kweli. Akasema ni kweli, kwa sauti ya mtu anayetoa mwiba.

Basi mashtaka yakafutwa. Hakimu aliwaonya wanawake wale kwamba ndala haziwezi kushika mtoto mkono, kwamba tangu leo wagonge mlango na wajibiwe, hata kama ni usiku wa manane. Walisema ndiyo, mheshimiwa. Fundi hatashtakiwa. Mtoto atarudi kwa mama yake. Na shahidi, ambaye amesema mwenyewe yuko tayari kwa damu yake, akae pale pale kwenye benchi, karani amwandikie hati ya kuitwa kwenye shauri la matunzo, na aondoke nayo mkononi.

"Sawa kabisa, mheshimiwa," baba alisema, akakaa.


Mwenye nyumba alimngojea Fundi kwenye ngazi. "Mwisho wa mwezi," alimwambia, akashuka. Fundi hakushtuka. Alivua utepe shingoni, akauzungushia kidoleni, na muuza mboga akamwambia kwamba chumba chake ni kidogo lakini kodi ameshailipa, na cherehani itaingia, watoto nao watajipenyeza.

Ndani, karani alikuwa akitafuta fomu. Mlezi wa makao alimleta Chiriku kwa mama yake na kuomba saini, kwamba amepokewa akiwa mzima. Mama Chiriku aliweka saini. Hakuwa na kazi. Kesho ingebidi atoke tena alfajiri kugonga mageti, na kila geti lingemuuliza aliacha wapi kazi ya kwanza, na kwa nini. Lakini mtoto alikuwa amemkumbatia mguu, na tangu apelekwe makao ilikuwa mara ya kwanza anasema mfululizo, kuhusu uji wa kule, na mtoto mmoja wa kule anayelala macho wazi.

Simu ya baba ililia. Aliitazama, akainuka, akamwonyesha karani kwa kidole kwamba anatoka kidogo tu, anarudi sasa hivi. Karani aliinama kwenye droo ya chini. Baba alipita mbele ya mama na mtoto akiwa na simu sikioni, akafika mlangoni, na askari wa zamu, yule yule wa meza ya pili, akajivuta pembeni kumpisha. Hakuulizwa anakwenda wapi, wala anamwacha nani na mikononi mwa nani. Viatu vyake vilisikika kwenye ngazi, kisha kwenye kokoto, kisha injini ikawashwa.

Karani alinyanyuka na fomu mkononi, akatazama benchi. "Yule shahidi?"

Mama Chiriku alichuchumaa, akatoa ndala nyekundu mfukoni, akazipangusa kwa kanga yake.

Chiriku alikuwa bado anautazama mlango. "Mama, yule mjomba mbona hajaaga?"

"Leta mguu," mama yake alisema, akamvalisha ndala ya kwanza, kisha ya pili. "Huwa haagi."